Anayeng'ata, Anayepiga, Anayegoma: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu wa Awali na Darasa la Kwanza

Walimu wa Arusha na Moshi wanaoniandikia wana swali linalofanana. Mtoto anang'ata, anapiga wenzake, anajitupa chini au anatoroka darasani, na kila kitu kimeshajaribiwa. Amebembelezwa, amefokewa, amepigishwa magoti, ameitiwa mama. Siku mbili kimya, ya tatu yaleyale.

Ukiwauliza walifanya nini hasa, karibu wote walianzia mwisho. Walianza na adhabu, au na pipi, kabla hawajajua ile tabia inamlipa mtoto nini. Mwongozo huu unaanzia mwanzo na unachukua kama wiki tatu. Kama mtoto ameng'ata leo na unataka la kufanya sasa hivi, ruka hadi hatua ya 6, kisha urudi huku.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari la kurasa 40 na kalamu inayokaa mfukoni. Usiandike kwenye kitabu cha mahudhurio. Haya ni mambo ya mtoto, si ya kila anayepita ofisini.
- Saa. Ya simu inatosha.
- Karatasi moja ya manila na kalamu za rangi.
- Kipande cha mkeka kwa ajili ya kona tulivu, mahali ambapo macho yako yanafika.
- Vizibo 10 vya soda vilivyooshwa.
- Sabuni na maji yanayotiririka. Kibuyu chirizi kinafaa kabisa.
- Namba ya simu ya mtu anayelala nyumba moja na mtoto. Moshi hasa, mtoto anaweza kuwa analelewa na bibi Kibosho au Marangu, huku namba iliyoandikwa shuleni ni ya baba aliyeko Dar.
- Mtu mzima wa pili: mwalimu mwenzako, au hata mpishi wa uji. Darasa la watoto 80 haliachwi peke yake ili umshughulikie mmoja.

Fimbo haimo kwenye orodha. Kwa kanuni za mwaka 2002, anayeruhusiwa kuchapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa idhini ya maandishi, viboko visizidi 4, na viandikwe kitabuni. Kwa hiyo mwalimu wa awali anayetembea na fimbo kwapani, anampiga huyu kofi na yule kisogoni, yuko nje ya kanuni hata kabla hatujafika kwenye malezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataa adhabu kwa mtoto ambaye kwa udogo wake haelewi anaadhibiwa kwa sababu gani. Mtoto wa miaka 5 aliyechapwa saa 6 kwa kosa la saa 4 ndiye huyo.

Na tafadhali, usimkabidhi kiranja wa darasa la sita fimbo awasimamie wadogo wakati wewe uko ofisini.

## Hatua ya 1: Chagua tabia moja, uiandike kama inavyoonekana

Kwenye ukurasa wa kwanza andika sentensi moja. Si "Eli ni mkorofi". Si "hana adabu" wala "amedekezwa". Hizo ni hukumu, na hukumu haihesabiki.

Andika hivi: "Eli anang'ata wenzake mkononi au begani." Au: "Neema anajitupa chini na kupiga kelele tukitoka kwenye michezo kurudi darasani."

Kama mtoto ana mambo matano, chagua lile linaloumiza mwili wa mtu. Mengine yasubiri. Ukiyashika yote kwa pamoja utakuwa unamsema kuanzia asubuhi hadi kengele ya kutoka, na atazoea sauti yako kama anavyozoea kelele za bodaboda barabarani.

Ipime sentensi yako kwa mwenzako: msomee mwalimu wa darasa jirani. Akiweza kuja kusimama mlangoni na kukuambia "sasa hivi amefanya" au "hajafanya", sentensi imekaa sawa.

## Hatua ya 2: Anza na mwili kabla ya tabia

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko popote. Sehemu kubwa ya kinachoitwa utundu ni mwili unaodai kitu.

Njaa. Mtoto anayetoka Ngaramtoni au Kiboriloni alfajiri na kunywa chai ya rangi tu, ikifika saa 4 hana subira iliyobaki. Muulize jana usiku alikula nini na leo asubuhi alikula nini. Muulize kirafiki, pembeni. Mbele ya wenzake atakuambia "wali nyama" hata kama alilala na njaa.

Usingizi. Anayeishi nyumba inayotazamana na baa au grosari halali mapema. Juni na Julai, baridi ya huku inapokaza, mtoto anayelala na wenzake wanne chini ya blanketi moja naye anaamka amechoka.

Masikio. Simama nyuma yake hatua mbili au tatu, akiwa anachora, umwite kwa sauti ya chini. Rudia ukisimama upande wa kulia, kisha wa kushoto. Asipogeuka mara kadhaa, au akiwa na sikio linalotoa usaha, usimwite mkaidi. Hakusikii. Kipimo hiki si cha daktari. Kinakuambia tu kwamba apelekwe zahanati au kituo cha afya, nao wataamua kama aende hospitali kubwa: Mawenzi, KCMC au Mount Meru.

Macho. Anayesogea hadi pua iguse daftari, au anayemsumbua wa mbele yake kila ukiandika ubaoni, mhamishie mstari wa mbele kwa siku tatu uone. Kubadilisha dawati ni bure.

Kuduwaa. Kuna mtoto anayekatika ghafla: anatazama mbele, kope zinachezacheza, ukimwita hajibu, baada ya sekunde chache anaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Walimu huona dharau. Inaweza kuwa kifafa kisicho na kuanguka, na kina matibabu. Andika saa, andika imechukua muda gani, mpe mzazi karatasi hiyo aende nayo hospitali.

Lugha. Mtoto aliyekulia boma la Monduli, nyumbani kwao kila kitu ni Kimaasai, akifika awali mjini unamwambia "kaeni kwenye mkeka, nyoosheni miguu" anabaki amesimama. Hajagoma. Vivyo hivyo mtoto wa Njiro aliyepelekwa shule ya Kiingereza wakati nyumbani hajawahi kukisikia: asiyeelewa somo atatafuta la kufanya, na jirani yake ndiye aliye karibu. Mwonyeshe kwa mkono na picha, kisha mkalishe karibu na mwenzake anayejua lugha zote mbili.

Ukimaliza hatua hii na kukuta kitu, kishughulikie kwa wiki moja kabla ya kuendelea. Mara nyingine safari inaishia hapa.

## Hatua ya 3: Daftari la siku tano

Kwa siku tano za masomo usibadilishe chochote, ila kuzuia mtu asiumie. Kila tabia ikitokea, andika mambo manne: saa, kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Kile cha nne ndicho walimu husahau, kwa sababu kinawahusu wao.

Huu hapa mfano wa kurasa za mtoto tutakayemwita Eli:

*Jumatatu, 4:05. Foleni ya uji. Glory alimpita mbele. Eli akamng'ata mkono. Nilimtoa kwenye foleni nikamsimamisha karibu na sufuria nimwangalie. Akapewa uji ili atulie.*

*Jumanne, 4:10. Foleni ya uji. Alisukumwa na wa nyuma. Akang'ata bega. Nilimfokea, nikamweka karibu na sufuria.*

*Jumatano. Mvua. Uji uliletwa darasani, kila mtoto amekaa mahali pake. Hakung'ata.*

*Alhamisi, 2:40. Kwenye mkeka, wimbo. Alikanyagwa kidole. Alilia. Hakung'ata.*

*Ijumaa, 4:05. Foleni ya uji. Alikuwa wa mwisho kabisa. Akang'ata mkono. Karibu na sufuria tena.*

Usiandike ulivyojisikia, wala maelezo marefu. Mistari miwili kwa tukio. Huna nafasi ya kuandika darasa likiwa limewaka? Chora alama kwenye kiganja chako na saa, ujaze wakati wa mapumziko.

Utajua daftari limetosha pale ambapo ukisoma kurasa zote kwa pamoja unaweza kutabiri kesho itatokea saa ngapi na wapi. Siku tano zisipotosha, ongeza nyingine.

## Hatua ya 4: Soma malipo yake

Mtoto mdogo harudii jambo lisilomletea kitu. Malipo yenyewe kwa kawaida ni mojawapo ya haya: kupata kitu au zamu, kukwepa kazi, kutazamwa, au kuutuliza mwili wake mwenyewe (anayetafuna kola ya sare na kujibembeza kwenye kiti hana habari na wewe kabisa).

Rudi kwa Eli. Anang'ata foleni tu. Na kila aking'ata, anahamishwa kutoka mkiani hadi kando ya sufuria. Mwalimu anadhani anamwadhibu. Kumbe anamlipa uji wa kwanza. Eli ana miaka 5 na hesabu yake ni sahihi.

Mfano wa pili, kwa ufupi: mtoto anayechana daftari kila mkianza kuandika herufi, na kila akichana anatolewa nje. Huyo anakwepa kalamu, na nje ndiko anakokutaka. Ukizidisha kumtoa nje, unazidisha kuchana.

Andika sentensi yako: "Anafanya hivi ili ___." Usipoweza kuijaza, rudi hatua ya 3. Kubahatisha hapa ndiko kunakoharibu kila kinachofuata.

## Hatua ya 5: Badili mazingira, kisha mfundishe njia nyingine

Ukijua wapi na saa ngapi, sehemu kubwa ya kazi ni kupanga upya, wala si kumkabili mtoto.

Kwa Eli: futa foleni ndefu. Watoto wakae kwenye mikeka kwa safu, uji uwafuate. Kama lazima foleni iwepo, ivunje iwe mbili fupi, uchore duara za chaki chini kila mtoto asimame kwenye lake. Watoto hugombana pale miili inapogusana.

Kwa anayegoma kila mnapobadilisha shughuli: chora manila picha nne za siku, yaani wimbo, kuhesabu, uji, michezo. Kabla ya kubadilisha mwendee, gusa picha inayofuata, umwambie "bado kidogo, kisha darasani". Dakika mbili baadaye mrudie. Mtoto anayejua kinachokuja hana cha kushtukia.

Kwa anayetembeatembea darasani: punguza kukaa. Dakika 10 hadi 15 za kukaa kimya kwa mtoto wa miaka 5 ni nyingi tayari. Mpe kazi ya miguu, agawe penseli au akafute ubao.

Sasa njia nyingine. Tabia mbaya ukiing'oa bila kuweka kitu pale, itaota nyingine. Mtoto anahitaji njia halali ya kupata kilekile alichokuwa anapata. Eli anahitaji kusema "Mwalimu, nimepitwa" huku ameinua mkono. Anayekwepa kuandika anahitaji kusema "nisaidie" au "nimechoka". Asiyejua Kiswahili vizuri apewe ishara ya mkono.

Mfundishe akiwa ametulia, asubuhi, mkiwa wawili au watatu mnaigiza. Wewe uwe Glory, umpite makusudi. Yeye ainue mkono aseme. Wewe umgeukie *papo hapo* na umrudishie nafasi yake. Rudieni mara tano hivi, kila siku, kwa wiki nzima, na mcheke kidogo, ni mchezo.

Tahadhari moja kubwa: siku za mwanzo lazima neno lile lifanye kazi kila anapolisema. Akisema "nimepitwa" ukamwambia "subiri kwanza", atarudi kwenye meno, kwa sababu meno hayajawahi kumwangusha.

Ndipo vizibo vinapoingia. Weka 10 mfuko wa kushoto asubuhi. Kila ukimkuta akifanya sawa, mtajie alichofanya: "Umesubiri zamu yako." Hamisha kizibo kimoja kulia. Siku isipite vizibo vikabaki kushoto. Si makofi ya kilo ya darasa zima kila saa. Yale yanachosha na wengine wanaanza kununa. Sentensi fupi, karibu na sikio, yenye jambo lenyewe ndani yake. "Vizuri sana" haimwambii alichofanya.

## Hatua ya 6: Likitokea, fanya hivi kwa mpangilio huu

1. Simama katikati yao. Usimvute mtoto kwa mkono mmoja. Kiwiko cha mtoto mdogo huteguka kirahisi.
2. Nenda kwanza kwa aliyeumizwa. Mbebe, mtazame, muoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kwa nini yeye kwanza? Kwa sababu ana haki, na kwa sababu aliyeng'ata anajifunza kwamba kung'ata hakumleti mwalimu. Ngozi ikiwa imechanika, apelekwe zahanati siku hiyohiyo na mzazi wake aarifiwe na wewe, asisikie kwa majirani.
3. Geukia aliyeng'ata. Chuchumaa, uso wako ulingane na wake. Sauti ya chini kuliko kawaida yako.
4. Maneno machache: "Hatung'ati. Inauma. Ukipitwa, sema nimepitwa." Basi. Usiulize "kwa nini umefanya hivyo?" Hajui, na akilazimishwa atatunga.
5. Akiwa bado amewaka, mpeleke mkekani, ukae karibu naye au yule mtu mzima wa pili akae. Kona ile si jela. Hakuna kumgeuza uso ukutani, hakuna wimbo wa kumzomea. Akishapumua kawaida, arudi.
6. Apate uji wake, kwa zamu yake ileile. Si wa kwanza, na si wa kunyimwa. Usimnyime mtoto chakula kama adhabu, hata siku moja.
7. Baadaye, akishatulia kabisa, atengeneze alichoharibu: amletee Glory maji, aokote vizibo alivyomwaga. "Omba msamaha!" inayotolewa kwa kubanwa sikio inamfundisha tu kutamka neno.

Anayejitupa chini ni tofauti kidogo. Sogeza madawati na mawe, simama karibu, nyamaza. Usimkalie, usimbane. Endelea na darasa ukimtupia jicho. Akinyamaza tu, hata kwa sekunde chache, ndipo umpe neno na mkono.

Na lile la kumng'ata mtoto "ajue inavyouma", ambalo bado kuna walimu na hata bibi wanaolishauri: hapana.

## Hatua ya 7: Mzazi

Usimwite mzazi siku ya tukio kwa hasira. Mwite ukiwa na daftari la siku tano mkononi na jambo moja zuri la kweli la kuanzia. Mama anayeuza ndizi Soko la Kilombero hawezi kufunga meza saa 4 kwa kikao; mpigie jioni, au mfuate dakika kumi sokoni, mkae pembeni.

Mazungumzo yaende hivi:

"Mama Eli, za kazi? Eli amekuwa ananisaidia kugawa penseli, anajitahidi. Kuna jambo nataka tusaidiane. Kwenye uji, akipitwa, anang'ata. Nyumbani mnakula vipi, wako wangapi?"

"Wako sita, mwalimu. Sahani moja. Asiyewahi, basi."

Umepata jibu ambalo fimbo isingekupa kwa mwaka mzima. Mwombe jambo dogo moja tu: wiki hii, Eli akiomba kwa mdomo, apewe. Akiwa analelewa na bibi, anza na shikamoo, kaa kama ulivyokaribishwa, na umwombe yeye akueleze mtoto akikasirika nyumbani hutulizwaje. Mara nyingi anajua.

Ukiona mzazi anaanza kuvua mkanda kwa macho, sema waziwazi: "Naomba asichapwe kwa hili. Nikisikia amechapwa, nitaogopa kukuambia siku nyingine." Usipeleke taarifa kila jioni za makosa, unamtengenezea mtoto kipigo cha kila jioni.

## Wiki ya pili: kwa nini inakuwa mbaya zaidi

Hapa ndipo karibu kila mtu anaacha. Siku chache baada ya kubadili utaratibu, tabia inaweza kupanda. Eli atang'ata mara mbili zaidi, au kwa nguvu zaidi, kwa sababu njia iliyokuwa ikimlipa imekauka na anaijaribu tena kwa bidii. Ni dalili kwamba umeshika mahali sahihi.

Ukilegea siku hiyo na kumrudisha karibu na sufuria, umemfundisha kwamba aking'ata kwa nguvu zaidi atalipwa. Mwambie mwalimu mkuu mapema kwamba siku hizi zinakuja, ili asije kukuvunja mbele ya watoto. Mwambie na mwalimu wa zamu. Watu wazima wote wa shule wajibu kwa namna moja.

Endelea na daftari. Wiki ya tatu usitafute sifuri. Tafuta haya: matukio yamepungua; hasira inachukua muda mfupi; na ile siku utakayosikia "Mwalimu, nimepitwa!" imepigiwa kelele uwanja mzima. Kelele ile iache. Utamfundisha kushusha sauti mwezi ujao.

## Usibaki nalo peke yako

Kuna hali ambazo hatua hizi hazizitoshi.

Mtoto aliyekuwa mchangamfu akabadilika ghafla. Anayeshtuka ukiinua mkono. Mwenye alama za kupigwa. Anayeigiza mambo ya kikubwa na wenzake. Anayekataa kwenda nyumbani. Usimhoji mara nyingi na usimwahidi siri. Andika maneno yake kama alivyoyasema, mwone mwalimu mkuu na afisa ustawi wa jamii, na kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, bila malipo.

Mtoto asiyeongea wakati wenzake wanaongea, asiyekutazama, anayerudia jambo moja siku nzima, au aliyepoteza alichokuwa ameshajua, anahitaji kuchunguzwa. Anzia zahanati upate rufaa. Upande wa Tengeru kuna Chuo cha Patandi kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Ukipata mwalimu aliyepitia pale katika shule jirani, mwombe aje akae darasani kwako asubuhi moja.

Januari mtoto anapanda darasa na unampoteza. Kabla ya kufunga shule Desemba, nakili ukurasa mmoja: anafanya nini, saa ngapi, anatafuta nini, neno gani mmemfundisha, na nani wa kumpigia simu. Mkabidhi mwalimu wa darasa linalofuata mkononi, mbele ya mwalimu mkuu. Daftari zima usimpe. Ana haki ya kuanza na mtoto, si na makosa yake ya Machi.